Mzee Aliyewapa Tembo Mabawa

Juma lililopita nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga jirani yangu, fundi mitambo, aliyetimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Alipewa mabati, saa ya ukutani na hotuba tatu. Zote tatu zilimtakia mapumziko mema. Mzee mwenyewe alininong'oneza kwamba hajachoka hata kidogo, na kwamba mashine iliyomsumbua miaka miwili ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumtii. Nilirudi nyumbani nikimfikiria profesa mmoja wa kemia wa Marekani, John Fenn, na habari zake ndizo ninazowaletea leo, wasikilizaji wangu.

Fenn alizaliwa New York mwaka 1917. Alisoma Berea College, huko Kentucky, chuo ambacho hakitozi karo bali wanafunzi hufanya kazi, akahitimu mwaka 1937. Mwaka 1940 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale. Anayetazamia kusikia habari za kijana aliyeng'ara tangu mwanzo atavunjika moyo. Hisabati ilimpa taabu, na yeye mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Alifanya kazi viwandani zaidi ya miaka kumi, na makala yake ya kwanza ya utafiti haikutoka hadi mwaka 1949. Mwaka 1952 akaenda Princeton, kwenye mradi wa utafiti wa injini za ndege za jeti, na huko akawa bingwa wa hewa inayotoka tunduni kwa kasi kupita sauti. Mwaka 1967 akarudi Yale. Kwa hesabu za kawaida hapo tungesema mzee amefika, anangoja mafao yake.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, maana bila kuielewa mashine hatutamwelewa mtu. Spektrometa ya masi ni mizani ya kupimia molekuli. Lakini mizani hii haipimi kitu kilichotulia. Kwanza molekuli lazima iinuliwe hewani peke yake, ipewe chaji ya umeme, kisha irushwe ndani ya ombwe ili mashine iitambue. Kwa molekuli ndogo jambo hilo lilikuwa limezoeleka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Taabu ilikuwa kwa molekuli kubwa za mwilini, yaani protini. Ukiipasha protini moto ili ipae, inaharibika kabla ya kupaa, kama vile ute wa yai kwenye kikaango. Kuipima ilikuwa sawa na kumtaka tembo aruke.

Mtu wa kwanza kuona njia hakuwa Fenn. Alikuwa Profesa Malcolm Dole, ambaye wazo lilimjia kutokana na namna magari yanavyopuliziwa rangi kwa umeme. Alichapisha majaribio yake mwaka 1968, lakini hayakufika mbali. Fenn alilichukua wazo hilo akalitia ujuzi wake wa zamani wa hewa iendayo kasi. Maji yenye protini hupitishwa kwenye sindano nyembamba iliyotiwa volti elfu kadhaa, yakatoka kama ukungu. Hewa kavu huyakausha matone, matone hupungua, chaji husongamana humo mpaka zinasukumana na tone kupasuka, na mwisho protini hubaki uchi hewani ikiwa nzima, na chaji nyingi mgongoni. Njia hiyo huitwa elektrosprei.

Hizo chaji nyingi ndizo zilizoleta maajabu. Mashine haioni uzito mtupu, huona uzito uliogawanywa kwa idadi ya chaji. Protini yenye uzito wa 20,000 ikibeba chaji 20, mashine huiona kama kitu cha 1,000 tu. Hivyo mashine ya kawaida, iliyokuwa tayari maabara, iliweza ghafla kupima majitu.

Hebu tazameni tarehe. Mwaka 1987 Fenn alitimiza miaka 70, umri wa lazima wa kustaafu hapo Yale. Mwaka 1986 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kufuta ustaafu wa lazima, lakini vyuo vikuu viliruhusiwa kuendelea kuwastaafisha maprofesa mpaka mwisho wa 1993. Fenn akaachiwa cheo cha heshima na ofisi, akapoteza sehemu kubwa ya maabara na wasaidizi wake. Na mwaka 1988, mwaka mmoja tu baada ya hapo, ndipo alipowaonyesha wenzake protini kubwa zikipaa na kupimwa.

Kisha ikaja fitina ya hataza. Fenn aliisajili kwa jina lake mwenyewe. Chuo kikadai ni mali yake, wakaishia mahakamani, na mwaka 2005 jaji aliamua kwamba profesa alikipotosha chuo kuhusu thamani ya ugunduzi huo, akamwamuru alipe zaidi ya dola milioni moja, pamoja na gharama za mawakili. Mimi si mwanasheria. Mkataba ni mkataba, na kuficha si jambo la kusifiwa. Lakini najiuliza kama mzee yule angeficha lolote iwapo asingeonyeshwa mlango wa maabara yake.

Mwaka 1994 alihamia Virginia Commonwealth University, mjini Richmond, akaendelea na kazi. Mwaka 2002, akiwa na miaka 85, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Kurt Wüthrich wa Uswisi na Koichi Tanaka wa Japani, mhandisi wa kampuni asiyekuwa na shahada ya udaktari. Katika hotuba yake Fenn alisema kwamba kazi yake ilikuwa kuwapa mabawa tembo wa ulimwengu wa molekuli. Leo kwa njia hiyo hupimwa tone la damu ya mtoto mchanga, mkojo wa wanariadha, na mabaki ya dawa za wadudu kwenye mboga.

Alifariki Richmond akiwa na miaka 93, tarehe 10 Desemba 2010, siku ambayo Tuzo za Nobel hukabidhiwa kila mwaka.