Lokole: mtandao wa Boyoma kabla ya waya

Januari 2027 itatimia miaka 150 tangu Henry Morton Stanley afike maporomoko ya Wagenia, hapa Boyoma, na mitumbwi yake. Wako watakaomkumbuka yeye. Mimi nakumbuka lokole, ngoma ya gogo iliyomtangulia kwa habari. Stanley mwenyewe aliandika kwamba watu wa visiwani hawakuwa na telegrafu ya umeme, ila ngoma zao hazikupungukiwa kitu.

Majina ya mji uliokua hapo, Kituo, Stanleyville, kisha Kisangani mwaka 1966: hayo tuliyakariri shuleni. Lokole tuliambiwa ni ya kuchezea.

John Carrington, mmisionari Mwingereza, alikuja mwaka 1938 akakaa Yakusu kwa Walokele, upande wa chini wa mto kutoka mjini. Siku moja aliondoka ghafla kwenda Yaongama, bila kumpelekea mtu habari. Akamkuta mwalimu, msaidizi wa daktari na waumini wamekwisha kukusanyika. Ngoma ilifika kabla yake.

Wageni wengi walidhani kila pigo lina herufi yake. Sivyo. Lokole inasema Kilokele chenyewe, kilichovuliwa irabu na konsonanti kikabaki na toni mbili, ya juu na ya chini. Shida ipo hapo: songe ni mwezi, koko ni kuku, na yote mawili ni toni mbili za juu. Basi mpigaji huliongezea kila neno sifa zake: mwezi ni ule unaotazama chini duniani, kuku ni yule mdogo anayelia kiokio. Carrington alihesabu, akaona ujumbe wa ngoma ni mrefu mara 8 hivi kuliko ule wa mdomo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Mwaka mmoja nyuma, huko Marekani, Claude Shannon alikuwa amechapisha hesabu inayoonyesha jinsi ziada ya namna hiyo inavyookoa ujumbe kwenye kelele. Wazee wa Yakusu hawakuwa wakimngoja.

Lokole moja ilisikika kilomita 10 hivi, kijiji jirani kilipokea, kikapasha kinachofuata. Hakukuwa na makao makuu. Baadhi ya wahandisi wanaobuni kanuni za kompyuta nyingi kutafuta jibu bora kwa pamoja wanafuata njia ileile: kila moja ina kipande chake cha data, inasema na jirani tu. Wanafunzi wetu wanalipata hilo katika vitabu vya kigeni, nao wako umbali wa safari ya pirogi kutoka Yakusu!

Carrington alikwisha kulalamika kwamba vijana hawajifunzi tena lokole. Mwaka 1954 mgeni kutoka Marekani alimkuta bado akitembea msituni kila siku. Chakula kikiiva, mkewe aliipiga lokole, akimwita kwa jina lake la ngoma.