Nani Alilipia Daftari? Historia Fupi ya Shule za Kolwezi



Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yanapotangazwa, mitaa yetu hujaa vigelegele, na washindi humwagiwa poda nyeupe kichwani. Shule nazo hulinganishwa kwa asilimia za waliofaulu. Mtihani huo ulianza mwaka 1967, na tangu hapo ndio mizani ya sekondari zetu. Hata hivyo, asilimia huwahesabu tu wale walioketi katika chumba cha mtihani. Tuseme wanafunzi 100 waliingia sekondari pamoja, wakabaki 20 hadi mwaka wa mwisho, nao wote wakafaulu. Shule hiyo itatangaza 100%, na wale 80 hawatatajwa popote. Ili tujue wamekwenda wapi, hatuna budi kuuliza swali la zamani: katika mji huu, nani alilipia daftari la mtoto?

Mlipaji wa kwanza alikuwa kampuni. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka huohuo Kiti Kitakatifu kilitia sahihi mapatano ya shule na Dola Huru ya Kongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni iliona ni heri mfanyakazi aishi kambini pamoja na mke na watoto, kuliko kuajiri watu wapya kila baada ya miezi michache. Shule za kambi zikakabidhiwa kwa wamisionari, hasa Wabenedikto. Kolwezi, mji uliojengwa mwaka 1937, ulirithi mpango huo. Wazee husema kampuni ilikuwa baba na mama, nao hawakosei: shule ilikuwa karibu na nyumba, na mwalimu alilipwa. Ila baba huyo alitaka watoto wawe mafundi watiifu. Sekondari zilikuwa chache mno, na kwa miaka mingi njia kuu ya kuendelea na masomo ilikuwa seminari ndogo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha migodi, na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikaendelea kubeba shule za wafanyakazi wake. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilitwaa pia shule za madhehebu. Februari 1977 ikayarudishia Makanisa usimamizi kwa mapatano ambayo ndiyo asili ya shule za makubaliano tulizo nazo leo. Serikali ndiyo inayopaswa kumlipa mwalimu na kuweka programu na mtihani. Kanisa huongoza shule.

Kisha nguzo ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka; mwaka 1994 zilitoka tani zipatazo 30,000 tu. Katikati ya msiba huo, miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na miongoni mwao walikuwamo walimu wengi. Tukumbuke jambo hili bila kulificha: mji uliofukuza jirani ulifukuza pia mwalimu wa watoto wake.

Wakati huo mshahara wa Serikali ulikuwa umepoteza thamani, na migomo ilifunga madarasa. Hapo mzazi akawa mlipaji wa pili: familia zilikubali kuchanga ili mwalimu abaki ubaoni. Mchango huo uliiokoa shule, lakini pia uliweka kizuizi mlangoni. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mkupuo, na nyumba nyingi zikakosa ada. Ndipo watoto wengi walipofuata wachimbaji wa mikono, kuokota, kuosha na kubeba mawe ya kobalti. Wale 80 wa mfano wetu hawakukosa akili. Wengi wao walikosa minervali.

Mlipaji wa tatu ni Serikali. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi itolewe bure; Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Madarasa yakafurika. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule, kama hakurudia darasa, alimaliza la sita mwaka 2025. Sasa anabisha hodi sekondari, na huko ada bado ipo. Yaliyowapata kaka na dada zake yaweza kumpata naye.

Je, mji hauna mali? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa migodi: 25% kwa mkoa na 15% kwa mamlaka za mahali madini yanapochimbwa. Tena kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kikundi cha vijana na kianze na daftari. Andikeni, mtaa kwa mtaa, ni nani aliyeacha shule, yuko darasa gani na kwa sababu gani. Mpelekeeni paroko, mkuu wa shule na chifu wa mtaa. Aliyekosa kitabu aazimwe. Aliye dhaifu katika hesabu au Kifaransa asaidiwe na aliyemtangulia. Na wakuu wa mji wanapopanga matumizi ya mrabaha, waulizwe kwa heshima, majina yakiwa mkononi: fungu la hawa ni lipi? Matokeo yajayo yatakapotangazwa, tusihesabu waliofaulu peke yao. Tuwahesabu pia waliofika.