Mwewe, Kipanga na Kozi: Majina ya Ndege Mbuai katika Mpaka wa Busia na Malaba

Majina ya ndege hayakupewa uzito mkubwa katika historia ya usanifishaji wa Kiswahili. Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamusi ya Johnson ikatolewa mwaka 1939. Maneno mwewe, kipanga na kozi yaliingia katika kamusi, lakini fasili zake hazimwezeshi msomaji kumtambua ndege mwenyewe kondeni.

Upungufu huo hudhihirika Bumala, Busia na Malaba, ambako Kiswahili huwaunganisha wasemaji wa Kiluhya, Kiteso na lugha nyinginezo. Katika mazungumzo ya kawaida, ndege yeyote anyakuaye kifaranga huweza kuitwa mwewe. Hata hivyo lugha za jirani zina jina mahususi la mwewe halisi: Waganda humwita kamunye, na Wajaluo otenga.

Mwewe halisi ni wa rangi ya kahawia, mwenye mkia wa panda na mdomo wa manjano. Huzunguka juu ya masoko na machinjio, na mlio wake ni mwembamba, mrefu, wenye kutetemeka. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi huungana na jamaa zake watokao Ulaya na Asia, ambao midomo yao ni myeusi.

Wa pili ni mdogo: mgongo wa kijivu, kifua chenye michirizi myembamba ya hudhurungi, na jicho jekundu. Hulia kwa silabi mbili kali, ki-wik, akirudiarudia. Chakula chake hasa ni mijusi, wadudu na ndege wadogo. Wa tatu hukaa penye miti mingi. Alfajiri hupaa juu sana akitoa mlio mmoja mfupi, kwit, kila baada ya sekunde mbili tatu; aghalabu husikika kabla ya kuonekana.

Ikumbukwe kuwa mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. F. J. Jackson, aliyefika Mumias na msafara wake mwaka 1889, aliandika juu ya ndege wa Kenya na Uganda kwa pamoja. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1938, miaka 9 baada ya kifo chake. Ndege hawakuugawa mpaka huo, wala elimu yao haikupasa kugawanywa.

Jina moja likibebeshwa ndege watatu, mla mijusi hupigwa mawe kwa wizi wa mwewe, na ujuzi wa mzee atambuaye ndege kwa sikio hukosa neno la kuurithisha. Yampasa mtunga kamusi, kabla ya kuandika fasili, amwulize mchunga kuku mambo mawili: ndege huyu anafananaje, na analiaje?