Rekodi za Kandanda ya Australia: Nani Alihesabu, na Tangu Lini

Matokeo ya kandanda ya Australia huandikwa kwa namba tatu. Timu ikiandikiwa 15.12 (102), imefunga magoli 15 na bihaindi 12, jumla pointi 102. Goli ni mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu bila kuguswa na mtu, na lina pointi 6. Bihaindi ni mpira uliopita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi iliyo kando yake, na ina pointi 1 tu. Mwamuzi wa goli hupepea bendera mbili kwa goli na moja kwa bihaindi. Ili kuzielewa rekodi za mchezo huu, inafaa kujua kwanza ni vitu gani vilikuwa vikihesabiwa, na tangu mwaka gani, kwa sababu mengi yaliyofanyika uwanjani zamani hayakuandikwa na yeyote.

Mwanzoni hapakuwa na mengi ya kuandika. Tarehe 7 Agosti 1858, vijana wa shule za Scotch College na Melbourne Grammar walikutana katika bustani iliyopakana na uwanja wa kriketi wa Melbourne, wachezaji 40 kila upande. Mchezo haukuisha siku hiyo. Uliendelea tarehe 21 Agosti na tena 4 Septemba, na baada ya siku tatu matokeo yakawa goli moja kwa moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, wanachama wa klabu ya Melbourne, akiwemo Tom Wills, waliandika kanuni za kwanza. Kwa karibu miaka 40 iliyofuata magoli peke yake ndiyo yaliyoamua mshindi. Timu iliyokosa kidogo mara kumi haikuwa na faida yoyote mbele ya timu ambayo haikufika golini kabisa.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1897, ligi ya jimbo la Victoria, VFL, ilipoanza msimu wake wa kwanza ikiwa na klabu nane, na bihaindi ikapewa pointi yake moja. Klabu ya St Kilda iliionja pointi hiyo kwa uchungu na kwa utamu. Mwaka 1899, dhidi ya Geelong, ilimaliza mechi nzima na bihaindi moja tu, yaani 0.1 (1), na hayo ndiyo matokeo madogo kuliko yote katika historia ya ligi. Kufikia hapo ilikuwa haijawahi kushinda. Ilipoteza mechi zake 48 za kwanza, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1900 dhidi ya Melbourne, haukupatikana uwanjani. Mechi iliisha sare, St Kilda ikakata rufaa ikidai kwamba bihaindi moja ya Melbourne ilifungwa baada ya kengele ya robo ya tatu, na rufaa ikakubaliwa. Hivyo mkosi uliodumu misimu mitatu uliondolewa mezani kwa pointi moja.

Uzito wa bihaindi ulionekana tena katika fainali kuu ya 1948. Essendon ilipata 7.27 (69), Melbourne 10.9 (69). Ni vigumu kuisamehe timu iliyokosa mara 27, na wana Essendon hawakupewa nafasi ya kusahau: fainali ilirudiwa, Melbourne wakatwaa ubingwa. Fainali kuu nyingine zilizoisha sare ni za 1977 na 2010. Baada ya hapo utaratibu wa kurudia fainali ulifutwa, na sasa huchezwa muda wa nyongeza.

Kwa mchezaji mmoja mmoja, kitu kilichohesabiwa mapema na kwa uangalifu ni magoli, ndiyo maana vitabu vya rekodi vimejaa washambuliaji. Gordon Coventry wa Collingwood alistaafu mwaka 1937 akiwa na magoli 1,299. Bob Pratt wa South Melbourne alifunga 150 katika msimu wa 1934. Mwaka 1947 Fred Fanning wa Melbourne alifunga magoli 18 katika mechi moja dhidi ya St Kilda, rekodi ambayo haijavunjwa. Ilikuwa mechi yake ya mwisho katika ligi hiyo: akiwa na miaka 25 alikwenda kuwa kocha na mchezaji katika mji wa Hamilton, ambako malipo yalikuwa manono zaidi.

Peter Hudson wa Hawthorn aliikaribia rekodi ya Pratt kuliko mtu yeyote. Aliingia fainali kuu ya 1971 akiwa na magoli 147. Aliumizwa kichwani mapema, akaendelea kucheza, akafunga matatu na kulingana na Pratt. La nne lilimponyoka zaidi ya mara moja, na safari moja mpira alioupiga ulimgonga mpinzani aliyesimama mbele yake. Hawthorn walishinda kwa pointi 7, na rekodi ikabaki ya watu wawili. Ile ya Coventry ilivunjwa mwaka 1999 na Tony Lockett, dhidi ya Collingwood hiyohiyo, na mashabiki wakamiminika uwanjani mjini Sydney. Lockett alimaliza na magoli 1,360.

Hata hivyo hesabu hizi ni za VFL, ambayo tangu mwaka 1990 inaitwa AFL. Ken Farmer wa North Adelaide alifunga magoli 1,417 katika ligi ya Australia Kusini, na kwa misimu 11 mfululizo hakushuka chini ya 100. Jina lake halimo katika orodha ya Lockett kwa sababu tu ya jimbo alilochezea.

Mashambulizi ya namna hiyo yamepungua. Makocha hurundika walinzi na kuwagawia wachezaji wengi kazi ya kufunga. Wa mwisho kufikisha magoli 100 katika msimu ni Lance Franklin wa Hawthorn, aliyefunga 113 mwaka 2008. Mwaka 2022 Charlie Curnow wa Carlton aliongoza wafungaji wa msimu wa kawaida kwa magoli 64.

Kazi ya viungo na walinzi ilichelewa kuandikwa. Hesabu kamili za kupiga mpira, pasi za ngumi na kudaka zipo tangu 1965. Za kukaba, tangu 1987. Anayesoma majedwali bila kujua hilo atadhani wachezaji wa kale hawakuwa wakikabana. Rekodi ya kutoa mpira, kwa mguu au kwa ngumi, mara nyingi katika mechi moja, 54, ni ya Tom Mitchell wa Hawthorn mwaka 2018. Alimpita Greg Williams, aliyetoa 53 mwaka 1989. Mchezaji wa miaka ya 1920 hana pa kulinganishwa.

Aliyebadilisha zaidi utaratibu wa kuhesabu alikuwa mchezaji wa akiba. Fainali kuu ya 1970 ilitazamwa na watu 121,696, idadi kubwa kuliko zote. Carlton walikuwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Ted Hopkins aliingizwa, akafunga magoli manne, na Carlton wakashinda kwa pointi 10. Hopkins alicheza mechi 29 tu maishani. Katika miaka ya 1990 alishiriki kuanzisha Champion Data, kampuni inayokusanya takwimu rasmi za AFL. Kampuni hiyo ilianza kuhesabu mambo ambayo zamani yalibaki kuwa maneno ya mashabiki: mpira ulionyang'anywa katika msongamano, presha kwa mwenye mpira, na mpira wa mpinzani uliodakwa njiani.

Hesabu hiyo ya mwisho imewapa walinzi sifa inayopimika. Mmojawapo ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Mwaka 2021, akiichezea Port Adelaide, aliingizwa katika kikosi bora cha mwaka, na udakaji wake wa mipira ya wapinzani ndio uliomfikisha huko.