Fedha za Ng'ambo na Imani ya Watu: Huduma za Kanisa katika Mara tangu 1934

Mkazi wa Manchira, wilayani Serengeti, akiugua ugonjwa upitao uwezo wa zahanati, huelekea Mugumu. Huko, kwa miaka mingi, ametibiwa katika Hospitali Teule ya Nyerere. Jina la hospitali ni la Mwalimu, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara. Mwenye mali ni Kanisa la Mennonite Tanzania. Serikali imechangia mishahara, na marafiki wa ng'ambo wamechangia mengine. Mgonjwa hana haja ya kuyajua hayo yote mpaka siku dawa zinapokosekana. Siku hiyo huuliza fedha zimekwenda wapi. Makala hii inafuata historia ya swali hilo, kwa kuwa sisi Walutheri tunaulizwa vivyo hivyo.

Wamisionari wa Kimennonite, wakiongozwa na Elam Stauffer, walianza kazi Shirati mwaka 1934. Walitumwa na bodi ya misioni ya Pennsylvania, na ni vema ndugu msomaji aukumbuke mwaka huo: Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Fedha zilizowaleta zilikuwa sadaka za wakulima, wengi wao wakiwa na shida zao wenyewe. Lakini watu wa Mara hawakuwaona wakulima hao. Waliona nyumba zikijengwa, dawa zikifika, na Mzungu mmoja akishika ufunguo wa sanduku. Nadhani hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, wala halikuwa kosa la uovu: sadaka ya maskini ilivuka bahari, na ilipofika ikaonekana kuwa utajiri usio na mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe ni vigumu kudaiwa hesabu.

Kwetu sisi ufunguo ulibadilishwa kwa nguvu. Mwaka 1940, kama ilivyokuwa katika vita vya kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na misioni zao zikaitwa misioni yatima. Walutheri wa Marekani walisaidia, lakini katika sharika kazi ilibebwa na wachungaji, wainjilisti na wazee Waafrika. Ni heri isiyotamaniwa, lakini ilitufundisha mapema ni nani hubaki fedha zinapokatika.

Mara ilipata zamu yake kwa amani. Mnamo Januari 1967 Zedekia Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite. Majuma machache baadaye, tarehe 5 Februari, likatangazwa Azimio la Arusha, lililokataa kufanya fedha kuwa msingi wa maendeleo na kuonya juu ya kutegemea misaada ya nje. Askofu mpya alikabidhiwa Kanisa la wakulima, wafugaji na wavuvi, na pamoja nalo huduma za tiba ambazo sadaka ya Jumapili isingeweza kuziendesha. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya alitaka wamisionari na fedha za nje visimamishwe kwa muda, na mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka mwaka 1974 ukaunga mkono. Wazo hilo lilitetea heshima yetu. Halikumwambia muuguzi wa zamu ya usiku atalipwa na nani.

Jibu lilitoka serikalini, kwa mpango wa hospitali teule na baadaye kwa Hati ya Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na Makanisa. Tusifiche kwamba Waislamu wengi waliilalamikia hati ile kuwa ni upendeleo. Fedha ya umma inapoingia katika nyumba ya Kanisa, asiyesali humo naye ana haki ya kuuliza.

Wakurya wana baraza la watu liitwalo ritongo, ambako mambo husemwa mbele ya wote. Mchango unaotolewa mbele ya watu wa namna hiyo una macho mengi juu yake. Mashirika yaliyochipuka nchini katika miaka ya 1990 yalielekea kwingine: taarifa ziliandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa mfadhili, na watu wakabuni jina la mashirika ya mfukoni. Sheria ya mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 zilizodai kutangazwa kwa fedha zinazozidi shilingi milioni 20, zilikusudia kurudisha uwazi. Wengine waliziona kuwa kamba shingoni, nami siwalaumu kabisa.

Hata hivyo ipo huduma inayotatiza hoja yangu mwenyewe. Nyumba Salama ilifunguliwa Mugumu mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 iliukataza kwa walio chini ya miaka 18. Wengi hukimbia mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wanahitaji chakula, ulinzi, na mtu wa kwenda kuzungumza na wazazi wao. Na asiyeweza kurudi nyumbani anahitaji ada. Je, jirani atachangia nyumba inayopinga desturi yake? Wengine hawatachangia, na kukataa kwao hakuthibitishi kwamba nyumba ile haistahili kuaminiwa. Fedha ya mbali ina kazi yake hapo, tena kazi ya heshima. Lakini wazazi wanaokuja kupatanishwa na binti zao waonyeshwe nyumba inavyoendeshwa na nani anailipia, wasije wakadhani kwamba mtoto wao ni biashara ya mtu.

Mtume Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Pamoja na Tito alimtuma ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asipate mtu kuwalaumu. Katika bodi za vituo vyetu nimeona kiti cha askofu, cha mfadhili na cha serikali. Kiti cha anayetibiwa nimekiona mara chache.

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Programu za afya nchini mwetu zilizolitegemea zilitikisika, na viongozi wa vituo wakalazimika kuwaeleza watumishi na wagonjwa, kwa mara ya kwanza katika sehemu nyingine, fedha zao zilikuwa zikitoka wapi.