Kontroo amu ya Hilux: chora alama kabla ya kufungua

Pikapu ikigonga mbele kila shimo, na huku Nkende mashimo hayaishi, kagua bushi za kontroo amu ya chini. Kwa Hilux za kuanzia 2005, zenye springi za koili: legeza nati za tairi, inua, weka stendi (usiingie chini kwa jeki tu), toa tairi. Chora alama kwenye bolti za kamu. Ndizo zinazopanga tairi. Fungua shokapu kwa chini, boljointi, kisha bolti za kwenye chesisi. Bolti ikigota kwenye raki ya usukani, legeza raki. Nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse kabisa, inashikilia springi iliyobanwa. Wakati wa kurudisha, kaza bushi gari ikiwa imekalia tairi, halafu kapime alaimenti.