Majani Yetu Yaliyoungua Berlin

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya Waingereza yaliangukia jumba la mimea la Dahlem, Berlin. Mle ndani mlikuwa na takriban vielelezo milioni 4 vya mimea iliyokaushwa, kutoka kila pembe ya dunia. Sehemu kubwa iliteketea, na maktaba yake pia. Na katika majivu yale, ndugu msomaji, yalikuwamo majani ya Usambara: yaliyokatwa katika misitu hii hii tunayoiona kutoka Irente, yakapakiwa melini Tanga, yakasafiri bahari nzima kwenda kuungua Ulaya.

Unaweza kusema, majani tu hayo, mbona yapo tele? Subiri kwanza. Mtaalamu akiupa mti jina la kisayansi, jina hilo hufungwa kwenye tawi moja maalumu lililobandikwa kwenye karatasi. Kukizuka ubishi, watu hurudi kwenye karatasi ile. Ikipotea, mti utaendelea kuota porini lakini jina litakuwa halina shahidi. Nyumba ya kutunzia karatasi hizo huitwa hebaria, nami naiona kama kanzidata iliyotengenezwa kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kila tawi lina namba, jina la mkusanyaji, mahali na tarehe.

Wakusanyaji wa zamani walikuwa na ujanja mmoja wa maana. Hawakukata tawi moja. Walikata kadhaa kutoka mti ule ule, siku ile ile, wakayapa yote namba moja. Moja liliweza kwenda Berlin, jingine London, jingine likabaki karibu na msitu. Carl Holst, Mjerumani aliyekusanya mimea Usambara miaka ya mwanzo ya 1890, alifanya hivyo. Basi Berlin ilipoungua, baadhi ya majani yake yalikuwa yametulia zake katika hebaria ya Kew, Uingereza, namba ile ile, mti ule ule. Wataalamu wakachukua pacha aliyebaki wakamfanya shahidi mpya.

Hadi hapo habari ni njema. Lakini nani aliamua kipi kiwe na pacha na kipi kisiwe naye? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vitakavyokusanywa makoloni na misafara iliyolipiwa na dola vipelekwe kwanza Berlin. Berlin ijichagulie, na vya ziada ndivyo vigawiwe majumba mengine. Kwa maneno mengine, nakala ilikuwa makombo ya mezani. Mwaka 1902 wakafungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, na hapo angalau hebaria ikaanza kukua katika ardhi ya Usambara yenyewe. Sisi wa huku Lushoto, wakati huo pakiitwa Wilhelmstal, tulikuwa upande wa pili wa bonde la Lwengera, lakini majani ya milima yote miwili yalikuwa na safari ile ile ya kwenda pwani.

Majina nayo yalichujwa. Mti tunaouita msambu, wenye mbegu za mafuta, vitabuni ni Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya Franz Stuhlmann aliyekuja kuiongoza Amani. Wazee walioujua mti huo kabla yake hawamo katika jina.

Mfano unaoniuma zaidi uko Marekani. Kuanzia mwaka 1929 jumba la makumbusho la Field, Chicago, lilimtuma Ulaya mtaalamu J. Francis Macbride na kamera. Alifika Berlin, akapiga picha maelfu kwa maelfu ya vielelezo vya asili. Kumbe alikuwa akitafuta mimea ya Amerika ya tropiki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi ya jumba lake. Baada ya moto, picha zile zikawa lulu kwa watu wa Peru na Brazili. Simlaumu Macbride, kila mtu huchota maji ya mtungi wake. Ila makabati ya Usambara yalikuwa jumba lile lile, na hapakuwa na Mwafrika yeyote aliyepewa nafasi ya kusema, bwana, geuza kamera na huku.

Baada ya vita, hebaria ya Amani nayo ikahama. Mwaka 1950 ilipelekwa Nairobi, ikawa Hebaria ya Afrika Mashariki, eti iwahudumie wote mahali pamoja. Nairobi si Berlin, ni jirani. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Miaka sita karatasi za Amani zilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Hazikuungua, hazikuibwa. Zilikuwa tu mahali ambapo Mtanzania hawezi kwenda kirahisi, na kwa mwanafunzi wa Lushoto tofauti yake na moto sijui ni ipi.

Siku hizi watu wa kompyuta wanafanya kama Holst: kanzidata huwekewa nakala nchi nyingine, na kwa sababu kunakili yote ni ghali, huchagua sehemu tu. Mimea ya Afrika nayo imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Vilivyotangulizwa ni vielelezo vya asili, vile vinavyobeba majina ya kisayansi. Karatasi za kawaida zimengoja foleni. Pale Lushoto, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina hebaria yake, na ningependa vijana wa Irente waijue njia ya kwenda huko kabla hawajaijua anwani ya Kew.

Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kutoka mwaka 1952, kikakamilika mwaka 2012 kikiwa na aina zaidi ya 12,000. Fungua popote penye mmea wa enzi ya Wajerumani. Mara nyingi utakuta, ndani ya mabano, herufi B ya Berlin na msalaba mdogo kando yake, kama wa kaburini. Kisha, kama mmea ulibahatika, inafuata herufi K ya Kew, au EA ya Nairobi. Mingine ina msalaba tu.